Kikundi Huanzia Mlangoni: Niliyojifunza kwa Wakimbiaji wa Temeke

Katikati ya mwaka 2021 mimi na wenzangu wawili tulipewa kazi ambayo kwenye karatasi ilionekana nyepesi: tusanifu programu ya simu itakayomwezesha mkazi wa Dar es Salaam kukipata kikundi cha mazoezi kilicho karibu naye, kujua kinakutana wapi na saa ngapi, kisha kujiunga. Mfadhili alitupa miezi minane, nami moyoni nilijiambia kwamba mitano ingetosha, kwa kuwa vikundi vyenyewe havijifichi. Jumapili yoyote ukisimama kando ya barabara ya Kilwa au ile ya Mandela kabla jua halijachomoza vizuri, utawasikia kabla hujawaona: filimbi kwanza, kisha sauti ya mwimbishaji, kisha kiitikio cha watu thelathini au arobaini waliovaa fulana za rangi moja, mbele yao kijana mwenye kitambaa chekundu anayewasimamisha wenye bodaboda, na nyuma kabisa akina mama wawili watatu ambao kwa kweli wanatembea, ila mikono yao inakimbia. Nyimbo nyingi ni zilezile za mchakamchaka wa shuleni, zikiwa zimebadilishwa maneno ili zimtanie mwenyekiti au zisifie mtaa.

Vikundi hivyo vya jogingi ni vya watu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi, na viongozi kadhaa niliozungumza nao walikiri kwamba tangu wito ule viongozi wa serikali za mitaa waliacha kuwaona kama wahuni wanaopiga kelele alfajiri. Lakini karibu wote walikuwa wameanza kabla ya hapo, tena bila kuambiwa na mtu, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728 na ambalo viwanja vyake vya wazi mtu wa makamo anaweza kukuorodheshea vile vilivyojengwa nyumba tangu utoto wake.

Utafiti wa usanifu, kwa asiyeujua, ni utafiti wa mtu anayekusudia kutengeneza kitu, awe anatengeneza kiti, fomu ya hospitali au programu ya simu, naye anataka kwanza kuyajua maisha ambayo kitu hicho kitaingia ndani yake. Mtafiti huketi na watu, huwatazama wakifanya shughuli zao, huwapa mfano wa kitu ungali wa karatasi, huuona ukikataliwa, na hurudi mezani. Chuoni tulisimuliwa habari za Skandinavia, jinsi wafanyakazi wa viwanda vya chuma wa Norwe walivyoshirikiana na watafiti katika miaka ya 1970 ili nao wawe na kauli kuhusu namna kompyuta zitakavyoingia kazini mwao. Hatukusimuliwa kwamba katika miaka hiyohiyo Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akifanya utafiti pamoja na wanavijiji wa Bagamoyo, katika mradi ulioitwa Jipemoyo, akishikilia kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenzake. Habari hizo nilizisoma nikiwa nimekwisha kukosea mara mbili, na Bagamoyo ni safari ya asubuhi moja tu kutoka mlangoni kwangu.

Kosa la kwanza lilikuwa dodoso. Tulikuja na maswali ishirini na mawili, yaliyopangwa vizuri, na majibu tuliyoyapata yalifanana kama yaliyonakiliwa: jezi, mipira, maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza, spika kubwa. Tuliyabandika ukutani ofisini tukayatazama kwa fahari kwa muda wa wiki nzima, mpaka mwenyekiti wa kikundi kimoja aliponipigia simu kuniuliza, kwa adabu kabisa, jezi zinakuja lini. Hapo ndipo nilipoelewa. Katika mitaa ya Temeke mtu anayekuja na kalamu na karatasi huwa karani wa sensa, au mtu wa marejesho ya mkopo, au mtu wa mradi, na kati ya hao watatu ni mmoja tu anayegawa vitu. Basi ukiuliza watu wanahitaji nini, hujauliza swali, umewafungulia orodha ya maombi. Walitujibu vizuri sana kwa jinsi walivyotuelewa. Baada ya hapo nililifuta neno "mnahitaji" katika maswali yetu yote, na badala yake nikawa namwomba mtu anisimulie Jumapili iliyopita tangu alipofumbua macho.

Niliyemwomba kwanza alikuwa katibu wa kikundi ambacho nitakiita tu kikundi cha mtaani, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala, na ambaye vijana kwa wazee wanamwita Bi. Katibu. Alinisikiliza huku akigeuza chapati, kisha akasema: "Mwanangu, Jumapili yangu inaanza Jumamosi usiku. Nikikuhadithia hutaelewa. Njoo ulale."

Nikaenda kulala.

Saa kumi na nusu alfajiri aliniamsha. Alikuwa ameshavaa suruali ya mazoezi na fulana ya kikundi, na juu yake amejifunga kanga mbili kama mtu anayekwenda sokoni. Tulisubiri adhana, akaswali, kisha akabipu namba tatu, kila moja mlio mmoja tu, akaiweka simu kifuani. Tulipotoka nje giza lilikuwa bado zito. Kwenye nyumba ya pili hakubisha hodi. Alikigonga chuma cha dirisha kwa ufunguo, mara mbili, na kutoka ndani akajibiwa kwa kikohozi. Alitoka mama mmoja naye akiwa na kanga, tukawa watatu. Dirisha la nne, kikohozi kingine, tukawa wanne. Hivyo tukaenda, mlango kwa mlango, hakuna aliyesema neno kubwa kuliko "umeamkaje," mpaka tukafika nyumbani kwa mama mmoja muuza uji, ambaye alikuwa ameshasimama kibarazani akitusubiri na tochi. Hapo wote walisimama, wakahesabiana kwa macho, kisha wakaingia katika kichochoro kinachopita ubavuni mwa pagale la ghorofa moja, nyumba ambayo mwenyewe aliisimamisha miaka kadhaa nyuma na haina milango wala taa. Walitembea wamekaribiana mno, na mwendo wao ulikuwa wa haraka kuliko mwendo wote niliouona baadaye barabarani. Upande wa pili wa pagale walipumua, wakaanza kuzungumza na kucheka, na wakaenda kuwachukua wengine watatu wanaokaa huko.

Wenyewe wanakuita kupitiana. Sikuwahi kulisikia neno hilo katika mahojiano yetu, si kwa sababu walilificha, bali kwa sababu hakuna anayeona kwamba jambo hilo linahitaji kusimuliwa. Kwetu sisi kikundi kilikuwa kinaanza saa kumi na mbili uwanjani, penye filimbi na mwenyekiti. Kwa wanawake, ambao walikuwa zaidi ya nusu ya kikundi, wakati filimbi inapulizwa kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Nililala kwa Bi. Katibu mara nne zaidi katika miezi miwili iliyofuata, na katika mara hizo moja ilivunjika. Mama muuza uji alikuwa amesafiri kwenda Kilwa msibani. Tulifika kibarazani kwake tukiwa watatu, wakahesabiana, wakatazamana, na bila mjadala tukageuka kurudi. Wale watatu wa upande wa pili wa pagale nao hawakutoka, maana hakuna aliyewapitia. Asubuhi ile mwenyekiti, kijana mzuri asiye na kinyongo, aliniambia uwanjani kwamba shida ya akina mama ni kwamba hawana msimamo, wiki hii wapo kumi, wiki ijayo wawili. Tulipolifungua daftari la mahudhurio na kulilinganisha na kumbukumbu za akina mama wenyewe, Jumapili karibu zote ambazo wanawake "hawakuwa na msimamo" zilikuwa zile ambazo muuza uji hakuwepo. Mama huyo hakuwa na cheo chochote. Katika mchoro wa kikundi tuliouchora ofisini, wenye mishale na visanduku, jina lake halikuwemo.

Sasa fikiria tulipowaletea programu yetu. Tulikuwa tumechora skrini kwenye karatasi ngumu, ukubwa wa simu halisi: ramani ya Temeke, vidoti vya kijani, ukigusa kidoti unaona jina la kikundi, mahali wanapokutana, saa, na idadi ya watu waliothibitisha kuja. Vijana waliipenda. Akina mama waliipitisha kutoka mkono hadi mkono kwa upole ule unaompasa mgeni, mpaka mmoja wao, mwalimu mstaafu, akaiweka mkekani na kuuliza: "Kwa hiyo kila mwenye simu ajue kwamba saa kumi na moja mimi niko njiani?" Hakuna aliyejibu. Nilizikusanya karatasi zangu.

Kulikuwa na kosa jingine chini ya hilo, na hilo lilichelewa zaidi kunifunukia. Programu ilisanifiwa kwa ajili ya mtu asiyemjua yeyote ambaye anatafuta kikundi. Katika daftari la Bi. Katibu, mbele ya jina la kila mwanachama mpya kuna safu iliyoandikwa "kaletwa na." Haikuwahi kuwa tupu. Hakuna mtu aliyejiunga. Watu waliletwa, na aliyekuleta ndiye anayekupitia alfajiri, ndiye anayeulizwa ukikosa, na ndiye anayelipa faini yako ya kwanza kama hukuambiwa sheria. Tulichokuwa tunataka kukirahisisha ndicho kilichokuwa kikikifunga kikundi pamoja.

Kitu tulichokitengeneza hatimaye, baada ya kukaa nao jioni tatu tukikipanga kwa kokoto na vifuniko vya chupa juu ya mkeka, kilikuwa taa moja. Mjumbe alimtafuta jirani anayetazamana na pagale, akakubali taa ifungwe ukutani kwake, na kikundi kikakubali kumchangia LUKU ya shilingi elfu mbili kila mwezi. Waya mita kumi na mbili, balbu, na fundi aliyelipwa kwa chapati. Pamoja na hiyo, wakaipanga upya njia ya kupitiana ili kabla ya kichochoro kuwe na milango miwili ya kukusanyikia, asipokuwepo mama wa uji awepo mwingine. Mfadhili alipoomba picha ya kile tulichokizalisha, mwenzangu alimpelekea picha ya balbu. Nilimgombeza, lakini hakuwa amedanganya.

Daftari lenyewe nalo linastahili maneno yake. Ni lile daftari kubwa la jalada gumu tunaloliita kaunta buku, limefunikwa kwa gazeti na nailoni, na kingo zake zimelegea kwa mafuta ya chapati. Ukurasa wa kushoto una majina na tarehe. Penye kuhudhuria kuna alama ya vema, penye kuaga kuna herufi A, penye kukosa bila taarifa kuna msalaba na, pembeni yake, shilingi 1,000. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimegundua uzembe wa hesabu, kwa kuwa kulikuwa na Jumapili ambazo najua kwa hakika kwamba hakuna aliyekimbia hatua moja, na bado watu thelathini wamewekewa alama ya vema. Bi. Katibu alinieleza kama anayemweleza mtoto. Siku ile alifiwa mwanachama. Kikundi kilikwenda kuzika. Aliyekwenda makaburini amehudhuria. Na aliyekwenda kukimbia peke yake barabarani badala ya kwenda mazikoni, nikamuuliza, huyo anaandikwaje? "Huyo," alisema, "hatumwandiki."

Ukurasa wa kulia una madeni, na deni kubwa si la fedha. Vikundi vinaalikana: leo sisi tunakwenda Mbagala kukimbia na wenzetu na kunywa supu yao, na kuanzia siku hiyo tunadaiwa mwaliko. Bi. Katibu anajua ni vikundi gani vinamdai na ni vipi anavidai, na anazipanga tarehe kwa namna ambayo vikundi viwili visivyoelewana havitakutana uwanjani kwake. Ramadhani ya mwaka 2022, iliyoanza mwanzoni mwa Aprili, kurasa zote mbili zilikuwa nyeupe, maana kikundi kilisimamisha mbio za asubuhi; mtambo wowote wa kuhesabu watumiaji ungesema kikundi kimekufa, na kumbe ndio mwezi ambao walichangiana futari zaidi ya miezi mingine yote. Tuliacha kabisa wazo la kuliweka daftari kwenye simu. Tulichofanya ni kulipiga picha kila mwisho wa mwezi, kwa idhini yake, na kumhifadhia nakala, kwa sababu hofu yake pekee ilikuwa mvua ya masika na paa lake.

Kuhusu kiwanja sina hadithi ya kujisifu. Kikundi kinaanzia na kumalizia mbio zake kwenye kiwanja cha mchanga chenye magoli ya mirunda, ambapo mchana wachezaji wa mchangani hufanya mazoezi na Jumamosi kuna mechi za ndondo. Lilikuja pendekezo la kukizungushia ukuta na kujenga vibanda vya biashara, kwa hoja kwamba ni kiwanja kitupu. Ofisa aliyesema hivyo hakuwa mwongo. Alipita pale saa saba mchana, na saa saba mchana jua la Dar es Salaam linawafukuza hata mbuzi. Tulikuwa tumeuona mfano wa Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za Dar es Salaam walichora wenyewe ramani za mitaa yao, hasa ile inayokumbwa na mafuriko, tukawaza: kama mtaa unaweza kuchorwa, basi hata siku inaweza kuchorwa. Kwa wiki mbili tulipokezana na vijana wa kikundi kukaa pale tangu alfajiri hadi magharibi, tukiandika nani anaingia na nani anatoka. Wakimbiaji, watoto wa shule ya msingi wanaokatiza, timu tatu za vijana, maveterani wenye vitambi na kelele nyingi, wasichana wa netiboli wanaopewa kona moja na kunyang'anywa mara kwa mara, kijana anayefundisha karate watoto sita, akina mama wanaoanika mihogo. Tulichora ratiba ya siku kwa rangi kwenye bango la turubai, na mwenyekiti wa kikundi akalisimamisha katika mkutano wa mtaa na kulieleza mwenyewe. Sisi tulikaa nyuma kwenye benchi. Ukuta haukujengwa.

Lakini miezi miwili baadaye mtaa ulianza kutoza ada ya kutumia kiwanja. Bango letu lilikuwa limeonyesha, vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kuonyesha, kwamba pale pana watu wengi kila saa, na penye watu wengi pana mapato. Timu za vijana zilichangishana zikalipa. Wasichana wa netiboli hawakuweza, na kona yao ikachukuliwa. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi. Tulijiuliza bango litawasaidiaje waliomo. Hatukujiuliza, kabla ya kulitundika, nani mwingine atalisoma na atataka nini. Siku hizi kila kikundi kinachoniomba ramani nakisimulia kwanza habari za netiboli, na vipo vilivyoahirisha.

Swali la kujisajili nalo lilizuka, kwa kuwa mfadhili alitaka vikundi "rasmi." Klabu ya michezo nchini husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na inapaswa kuwa na katiba, viongozi waliochaguliwa na ada. Wanachama walilijadili kwa saa mbili. Waliopendelea usajili walitaka zaidi usajili wa kikundi cha kijamii halmashauri, kwa ajili ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliopinga walihofu kwamba mkopo ukiingia, asiyelipa ataona haya kuja kukimbia. Waliopinga walishinda, na nilipoandika ripoti niliieleza hoja yao kwa urefu uleule walioitumia kuijadili, jambo ambalo halikumfurahisha aliyeisoma. Awamu ya pili ya fedha haikuja.

Bi. Katibu sasa yuko kwenye kaunta buku la nne. Nilihamia mtaa wa jirani mwaka 2023, naye ndiye aliyeniandikisha. Kwenye safu ya "kaletwa na" kuna jina lake, na dirisha langu ni la mwisho kabla ya uwanja, kwa hiyo naamka wa mwisho na sina udhuru. Hata hivyo, mpaka naandika haya, kuna misalaba miwili mbele ya jina langu, na shilingi 2,000 ambazo ananikumbusha kila ninapokwenda kununua chapati.